VA Imekupa Asilimia Ndogo? Mwongozo Kamili wa Kukata Rufaa

Mwongozo huu ni wa wasemaji wa Kiswahili waliotumikia jeshi la Marekani, wakatoka na maradhi, Idara ya Maveterani (VA) ikakubali kwamba maradhi hayo yametokana na utumishi, halafu ikawapa asilimia ya ulemavu (kipimo cha ukali wa ugonjwa kinachoamua malipo) isiyolingana na hali yao.

Rufaa nyingi za aina hii hukwama mahali pamoja: mtu anajibu swali ambalo hakuulizwa. Barua inasema mgongo wake unainama hadi nyuzi 70, yeye anatuma karatasi 40 za kuthibitisha kwamba aliumia kambini. Hilo VA imeshalikubali. Kilichobaki kubishaniwa ni ukali wa ugonjwa leo, na ukali hupimwa kwa vigezo vilivyoandikwa. Kazi yako ni kuvifikia vigezo hivyo kwa ushahidi, au kuonyesha kwamba tayari ulikuwa umevifikia na aliyeamua hakuona.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Barua ya uamuzi, kurasa zote. Ukurasa wa kwanza wenye asilimia na pesa hautoshi.
- DD-214, yaani cheti chako cha kutoka jeshini.
- Ripoti ya uchunguzi wa kitabibu wa VA, ule unaoitwa C&P. Uamuzi mwingi hutokana na karatasi hii.
- Rekodi za matibabu za karibuni, za hospitali za VA na za madaktari binafsi.
- Kalenda au daftari la dalili. Kama huna, lianze leo.
- Akaunti ya VA.gov inayofunguka. Ukiwa nje ya Marekani hakikisha mapema kwamba unaweza kuingia, maana uthibitisho wa utambulisho huwasumbua sana walio na namba za simu za Kenya au Tanzania.
- Msaidizi aliyeidhinishwa na VA. Vyama kama DAV, VFW na American Legion hutoa wasaidizi bure, na kaunti nyingi za Marekani zina ofisa wa maveterani asiyelipisha chochote. Fomu ya kumteua mwakilishi wa chama ni 21-22. Ya wakili au wakala ni 21-22a.

Kuhusu pesa, uwe macho. Wakili aliyeidhinishwa anaruhusiwa kutoza ada baada tu ya uamuzi wa kwanza kutoka. Ada ya asilimia 20 ya malimbikizo, yaani malipo ya nyuma utakayolipwa kwa pamoja, huhesabiwa kuwa ya haki. Ikizidi asilimia 33 na theluthi moja, sheria inaichukulia kuwa imepita kiasi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Anayekuahidi asilimia 100 na kudai sehemu ya malipo yako ya kila mwezi hapo mbeleni, mkimbie. Majina ya walioidhinishwa yamo kwenye tovuti ya Mwanasheria Mkuu wa VA, na kumtafuta mtu humo ni kazi ya dakika tano.

## Hatua ya 1: Isome barua ukiwa na kalamu mkononi

Barua ya uamuzi huonekana ndefu na ya kuchosha, lakini sheria inailazimisha iwe na mambo fulani. Tafuta manne.

Kwanza, orodha ya ushahidi walioutazama, chini ya kichwa Evidence. Pigia mstari kila kitu ulichotuma ambacho hakimo. Rekodi isiyotajwa hapo huenda haikusomwa.

Pili, mambo yaliyoamuliwa kwa faida yako, chini ya Favorable Findings. Haya yanamfunga kila atakayelishika jalada baadaye, isipokuwa paonekane kosa la wazi kabisa. Usipoteze nguvu kuyathibitisha upya.

Tatu, sababu za uamuzi, Reasons for Decision.

Nne, na hapa ndipo kiini kilipo: ndani ya sababu hizo kuna aya inayoeleza unachotakiwa kuwa nacho ili upate asilimia ya juu inayofuata. Inakili aya hiyo neno kwa neno kwenye karatasi tupu, karatasi moja kwa kila ugonjwa. Rufaa yako yote itaandikwa kujibu maneno hayo.

Ukimaliza hatua hii uweze kusema kwa sentensi moja: "Wamenipa asilimia 20 ya mgongo kwa sababu nilipimwa nyuzi 50, ili nipate 40 lazima ionekane nyuzi 30 au pungufu." Kama huwezi kuisema, rudi kwenye barua.

## Hatua ya 2: Weka tarehe ya mwisho ukutani

Una mwaka mmoja. Unahesabiwa kuanzia tarehe iliyochapwa kwenye barua, hata kama posta ilikufikishia wiki tatu baadaye. Barua ya tarehe 10 Machi 2026 inakupa hadi 10 Machi 2027. Jiwekee tarehe yako mwenyewe miezi miwili kabla ya hapo.

Ndani ya mwaka huo, rufaa ikifaulu, malipo hurudi nyuma hadi tarehe ya dai la awali. Hayo ndiyo malimbikizo. Mwaka ukishapita bado unaweza kurudi VA na ushahidi mpya, lakini kwa kawaida malipo yataanzia siku uliyorudi. Kwa mtu aliyesubiri miaka miwili, tofauti hiyo ni ya maelfu ya dola.

Hapa pia amua kama kweli unachotaka ni rufaa. Rufaa inasema: mlikosea mlipoamua. Ikiwa uamuzi ulikuwa sawa wakati ule na hali imezidi kuwa mbaya tangu hapo, hilo ni dai la kuongezewa, na hufunguliwa kwa fomu 21-526EZ. Wengi huchanganya mambo haya mawili, wakakata rufaa juu ya uamuzi wa zamani kwa vipimo vya mwezi uliopita, wakaambiwa vipimo hivyo havionyeshi hali ya wakati ule.

Kwa dai la kuongezewa, tuma kwanza fomu 21-0966 ya kutangaza nia. Inakushikia tarehe kwa mwaka mzima wakati unakusanya karatasi.

## Hatua ya 3: Ipate ripoti ya uchunguzi, uikague

Usichague njia ya rufaa kabla ya kuiona ripoti hii. Omba nakala ya jalada lako kwa fomu 20-10206, na utaje waziwazi ripoti ya C&P na tarehe yake. Omba mara tu barua inapofika, maana jibu linaweza kuchukua miezi, na kusubiri kwako hakusimamishi saa ya mwaka mmoja.

Ikifika, kagua haya:

1. Vipimo. Kwa viungo, daktari anatakiwa atumie goniomita, kile kifaa cha kupima pembe. Kama unakumbuka kwamba alikadiria kwa macho tu, liandike.
2. Siku za kuchachamaa. Uliulizwa maumivu huzidi mara ngapi, kwa muda gani, na yakizidi unapoteza uwezo kiasi gani?
3. Maumivu na uchovu. Mgongo unaofika nyuzi 70 lakini unaanza kuuma kwenye 40 ni tofauti na unaofika 70 bila shida. Ripoti inapaswa kusema maumivu yanaanzia wapi.
4. Historia. Mwaka usio sahihi, mguu wa kulia ulioandikwa wa kushoto, dawa usizowahi kumeza.
5. Hoja. Daktari ametoa maoni bila kueleza sababu? Maoni yasiyo na maelezo yana uzito mdogo.

Namba 2 ndiyo inayowaangusha wengi. Madaktari huandika kwamba hawawezi kukadiria "bila kubahatisha" kwa kuwa siku ya uchunguzi mgonjwa hakuwa amechachamaa. Mahakama ya Rufaa ya Maveterani, katika kesi ya Sharp dhidi ya Shulkin ya 2017, ilisema hiyo peke yake si sababu ya kutosha: daktari anatakiwa akadirie kwa kutumia taarifa zilizopo, zikiwemo maelezo ya mgonjwa mwenyewe. Ukiikuta sentensi hiyo kwenye ripoti yako, umepata kosa linaloweza kubeba rufaa nzima.

## Hatua ya 4: Linganisha hali yako na vigezo

Vigezo vyote vimo katika Kanuni za Serikali Kuu ya Marekani (Code of Federal Regulations), Title 38, Part 4, na vinasomeka bure kwenye intaneti. Kila ugonjwa una namba ya tarakimu nne, ambayo utaikuta kwenye uamuzi wako. Magonjwa matatu yafuatayo hujitokeza mara nyingi.

Mgongo wa chini. Kwa kuinama mbele: zaidi ya nyuzi 60 lakini si zaidi ya 85 ni asilimia 10, zaidi ya 30 lakini si zaidi ya 60 ni asilimia 20, 30 au pungufu ni 40. Kutoka 10 hadi 40, kipimo ni nyuzi. Maneno kama "unaniuma sana" hayana pa kuingia humo, mpaka yageuzwe kuwa umbali unaoweza kuinama siku ya maumivu.

Kipandauso. Asilimia 30 inataka mashambulizi ya kukulaza kitandani, kwa wastani mara moja kwa mwezi katika miezi ya karibuni. Asilimia 50 inataka yawe ya mara kwa mara sana, ya kulaza kabisa na ya muda mrefu, kiasi cha kuathiri vibaya uwezo wako wa kujipatia riziki. Hapa daftari ni ushahidi wa thamani kubwa: tarehe, saa yalipoanza, saa yalipoisha, ulilala gizani au la, ulikosa kazi au la. Daftari la miezi sita likilandana na rekodi za siku za ugonjwa kutoka kwa mwajiri, ni vigumu kulipuuza.

PTSD (msongo wa akili unaobaki baada ya tukio la kutisha) na maradhi mengine ya akili. Ngazi ni 0, 10, 30, 50, 70 na 100. Kinachopimwa ni jinsi ugonjwa unavyovuruga kazi na mahusiano, na orodha ya dalili iliyo kwenye kanuni ni mifano tu. Huhitaji kuwa na kila dalili ya ngazi ya 70. Onyesha upungufu katika sehemu nyingi za maisha: kazi, familia, uamuzi, fikra, hali ya moyo. Kwa kila sehemu toa tukio moja lenye tarehe.

Mlio masikioni una kikomo cha asilimia 10. Ukishapewa, usikate rufaa kutaka zaidi kwa namba hiyo.

## Hatua ya 5: Piga hesabu kabla ya kupigana

VA haijumlishi asilimia kama unavyojumlisha bei sokoni. Huanza na ugonjwa mkubwa, kisha huchukua asilimia ya kile kilichobaki cha uzima wako. Mwenye 50 na 30: baada ya 50, uzima uliobaki ni 50, asilimia 30 ya hiyo ni 15, jumla 65, inayopandishwa kuwa 70. Mwenye 40 na 20 anapata 52, inayoshushwa kuwa 50.

Fanya hesabu hii kwa kila ugonjwa unaotaka kuukatia rufaa. Kwa aliye na 80 kamili, kuongezewa 10 kunampeleka 82, na 20 kunampeleka 84. Zote hubaki 80. Akiongezewa 30 anafika 86, na VA inamlipa 90. Kwa hiyo mtu huyo asitumie mwaka mzima kupigania kidole cha mguu huku kipandauso kikimngoja.

Angalia pia njia ya kutoweza kufanya kazi, TDIU, kwa fomu 21-8940. Kama maradhi yaliyotokana na utumishi yanakuzuia kushika kazi ya kukutosha kuishi, na una ugonjwa mmoja wa asilimia 60, au jumla ya 70 yenye angalau mmoja wa 40, unaweza kulipwa kwa kiwango cha 100. Wengi wanaopigania kutoka 70 hadi 80 walistahili kuomba hii.

## Hatua ya 6: Chagua njia moja kati ya tatu

Jiulize swali moja: je, ushahidi unaokustahilisha asilimia ya juu tayari umo kwenye jalada?

Haumo, na unaweza kuupata: Supplemental Claim, fomu 20-0995. Ni dai la nyongeza. Lazima uwe na ushahidi mpya, yaani ambao hawakuwa nao walipoamua, na unaogusa jambo lenyewe linalobishaniwa. Kutuma tena karatasi zilezile ndiyo njia ya haraka ya kukataliwa. Katika njia hii VA ina wajibu wa kukusaidia kupata rekodi, na inaweza kuagiza uchunguzi mpya.

Umo, ila wameusoma vibaya: Higher-Level Review, fomu 20-0996. Ofisa mwandamizi anaanza upya na jalada lilelile. Huruhusiwi kuongeza hata karatasi moja. Unaruhusiwa kuomba mazungumzo ya simu, na nakushauri uyaombe wewe au mwakilishi wako. Ofisa akikuta kwamba VA ilishindwa katika wajibu wake, kwa mfano uchunguzi haukukamilika, analirudisha dai lirekebishwe na uchunguzi mwingine ufanywe. Kwa mwenye ripoti mbovu, huo ni ushindi.

Unataka jaji: Board Appeal, fomu 10182. Inakwenda kwenye Bodi ya Rufaa za Maveterani, Washington. Unachagua mlango mmoja: bila ushahidi mpya, ukiwa na ushahidi mpya utakaotuma ndani ya siku 90 tangu Bodi ipokee fomu, au kusikilizwa na jaji, kisha siku 90 za kutuma ushahidi baada ya kusikilizwa. Mlango wa kusikilizwa ndio wenye foleni ndefu zaidi. Bodi inafaa pale ubishi unapokuwa wa tafsiri ya sheria, au ofisi za chini zimerudia kosa lilelile.

Kwa wengi wanaolalamikia asilimia, mojawapo ya njia mbili za kwanza inatosha na ni ya haraka zaidi. VA hulenga kuzimaliza kwa wastani wa siku 125.

Jambo moja haliwezi kuwa kwenye njia mbili kwa wakati mmoja, ila mgongo unaweza kwenda huku na kipandauso kule. Tena huwezi kuomba ofisa mwandamizi mara mbili mfululizo kwa uamuzi uleule. Ukishindwa hapo, nenda dai la nyongeza au Bodi.

*Tahadhari.* Uchunguzi mpya unaweza kuonyesha nafuu. VA ikitaka kukupunguzia malipo inapaswa kukuandikia kwanza pendekezo, na una siku 60 za kuleta ushahidi; ukitaka kusikilizwa, omba ndani ya siku 30. Asilimia iliyodumu miaka 20 haishushwi ila kwa udanganyifu. Kama ugonjwa umepoa kweli, usiuchokoze.

## Hatua ya 7: Tengeneza ushahidi unaojibu kigezo

Ikiwa ubishi ni wa asilimia tu, huhitaji barua ya daktari ya kuunganisha ugonjwa na jeshi. Watu hulipa mamia ya dola kwa barua hiyo huku VA imeshakubali uhusiano huo. Unachohitaji ni daktari aeleze ukali, ikiwezekana kwa kujaza fomu ya VA iitwayo DBQ ya ugonjwa husika, ambayo huuliza maswali yaleyale ya kigezo.

Barua ya kuunganisha inahitajika pale ugonjwa ulipokataliwa kabisa, au unapotaka kuongeza ugonjwa uliozaliwa na mwingine, kama goti la pili lililoharibika kwa kulemewa. Hapo daktari aseme kwamba amesoma rekodi zako, ataje ugonjwa, aandike kwamba kuna uwezekano wa angalau nusu kwa nusu kwamba unatokana na utumishi, kisha aeleze kwa nini. Nusu kwa nusu inatosha: ushahidi ukilingana pande zote mbili, sheria inakupa wewe faida ya shaka.

Kama ulikataliwa na ulikuwa Djibouti tangu 11 Septemba 2001, au Somalia tangu 2 Agosti 1990, soma kwanza sheria ya PACT ya 2022. Kwa magonjwa kadhaa ya kifua na saratani, VA inachukulia yenyewe kwamba moshi na sumu za huko ndiyo chanzo.

Halafu maelezo yako, kwenye fomu 21-10210. Tofautisha haya mawili:

Dhaifu: "Mgongo unaniuma sana kila siku na dawa hazisaidii. Naomba mnihurumie."

Yenye nguvu: "Mara mbili au tatu kwa mwezi mgongo hukaza kwa siku mbili. Siku hizo mikono yangu ikishuka haipiti katikati ya mapaja. Mke wangu hunivalisha soksi na kunifunga viatu. Januari nilikosa zamu nne ghalani. Barua ya msimamizi imeambatanishwa."

Ya pili inampa msomaji umbali, idadi, muda na shahidi. Hakuna kuzidisha ndani yake. Usizidishe hata chembe: rekodi za zamani zikikupinga mahali pamoja, hata yaliyo kweli yatatiliwa shaka.

Mashahidi waandike walichokiona kwa macho yao. Mke, mume, mtu mnayeishi naye nyumba moja, mwenzako wa kazini, askari mliyekuwa naye kikosini, hao wana uzito. Mama aliyeko Kisumu anayesikia habari zako kwa simu anaweza kueleza ulivyokuwa ulipokwenda likizo, basi. Shahidi asiyejua Kiingereza aandike kwa Kiswahili sanifu, atie sahihi. Ambatanisha tafsiri ya Kiingereza, na mtafsiri aandike jina lake, atie sahihi na kuthibitisha kwamba anazijua lugha zote mbili na kwamba tafsiri ni sahihi. Mtafsiri asiwe wewe mwenyewe.

## Hatua ya 8: Jaza, tuma, tunza uthibitisho

Kwenye fomu, andika kila ugonjwa kama ulivyoandikwa kwenye barua, pamoja na tarehe ya uamuzi. Usiandike "rufaa ya kila kitu".

Kwa dai la nyongeza, taja ushahidi mpya kwa jina na tarehe. Rekodi za daktari binafsi ambazo VA itazitafuta yenyewe zinahitaji fomu 21-4142 na 21-4142a. Lakini ukiweza kuzichukua mwenyewe ni bora, kwa sababu kliniki nyingi hazijibu barua za VA.

Kwa ofisa mwandamizi, andaa ukurasa mmoja wa kusoma kwenye simu. Mfano: "Ripoti ya tarehe fulani, ukurasa wa 4, inasema maumivu huchachamaa mara mbili kwa mwezi. Daktari hakukadiria nyuzi zinazopotea siku hizo. Kanuni 4.40 na 4.45 na kesi ya Sharp zinataka akadirie. Naomba dai lirudishwe kwa uchunguzi kamili." Kosa, ukurasa, kanuni, ombi. Ukianza kumsimulia dalili mpya, atakusikiliza kwa adabu na hawezi kuzitumia.

Simu hiyo hupigwa saa za kazi za Marekani. Ukiwa Nairobi au Dar es Salaam, uko mbele ya Washington kwa saa saba wakati wa kiangazi chao na nane wakati wa baridi, hivyo asubuhi yao ni alasiri au jioni yako. Simu za namba usiyoijua uzipokee, na sanduku la ujumbe lisiwe limejaa.

Tuma kupitia VA.gov na upige picha ya ukurasa wa uthibitisho. Ukituma kwa posta, madai ya nyongeza na mapitio ya ofisa mwandamizi huenda Claims Intake Center, PO Box 4444, Janesville, WI 53547-4444. Rufaa za Bodi huenda PO Box 27063, Washington, DC 20038. Tumia posta yenye namba ya kufuatilia. Imefanikiwa pale VA.gov inapoonyesha kwamba dai limepokelewa, na tarehe iko ndani ya mwaka wako.

## Hatua ya 9: Uchunguzi mpya

Usikose. Dai linaweza kukataliwa kwa sababu hiyo pekee. Ukiwa na udhuru wa kweli, piga simu kabla ya siku yenyewe na uandike jina la uliyeongea naye.

Malezi yetu hutuponza kwenye chumba hiki. Mtu akiulizwa hali hujibu "nzuri" hata akiwa na homa, kisha anashukuru Mungu. Daktari wa VA anaandika: "Mgonjwa anasema yuko vizuri." Anapouliza hali, jibu kuhusu ugonjwa: "Leo ni siku ya wastani, juzi sikuweza kuinuka." Wanaume hasa hujikaza wanapopimwa. Maumivu yakianza, sema "hapa" na usimame hapo. Ukisukuma hadi mwisho kwa kuuma meno, kitakachoandikwa ni nyuzi za mwisho.

Eleza siku zako mbaya pamoja na idadi yake kwa mwezi, bila kudai kwamba kila siku ni mbaya. Chukua nakala ya daftari. Kama Kiingereza chako hukwama unapoeleza mambo ya moyoni, omba mkalimani mapema, wakati wa kupanga miadi, na usimtumie mtoto wako, hasa kwa PTSD.

Ukitoka, kabla hujaendesha gari, andika: saa ulizoingia na kutoka, uliulizwa nini, goniomita ilitumika au la. Kumbukumbu hiyo itahitajika ripoti ikiwa mbaya tena.

## Hatua ya 10: Barua mpya ikifika

Ukiongezewa, kagua tarehe ya kuanza malipo. Makosa hapo ni ya kawaida, na tarehe nayo hukatiwa rufaa kwa njia zilezile. Ukifika jumla ya 30 au zaidi, ongeza wategemezi: mwenzi na watoto kwa fomu 21-686c, na wazazi wanaokutegemea kimapato kwa 21P-509. Hii ya wazazi wengi wetu hawaijui, na ndio sisi tunaotuma pesa nyumbani kila mwezi; tunza risiti za kutuma.

Ukikataliwa, mwaka mpya unaanza kuhesabiwa, na tarehe yako ya awali inaendelea kulindwa mradi usiuache mwaka upite bila hatua. Rudi hatua ya 1 na barua hiyo mpya, maana mara nyingi sababu yake si ile ya kwanza. Kama aliyekataa ni Bodi, unaweza kuleta ushahidi mpya ndani ya mwaka, au kwenda Mahakama ya Rufaa ya Maveterani. Muda wa mahakama ni siku 120 tu tangu tarehe ya uamuzi wa Bodi, na hapo tafuta wakili katika wiki ya kwanza.